Mahali pa Kulaza Gari

Marva Guillory alisimama kwa ncha za vidole, akabana tepu ya kupimia juu kabisa ya mlango wa gereji, akaivuta mpaka kwenye saruji. Futi saba. Akahamia upande wa pili akapima tena, maana mtu akishachoka huanza kutumaini hata saruji itamwonea huruma. Futi saba zile zile. Akatamka neno ambalo marehemu mama yake angemzaba kofi kwa kulisikia, akaiachia tepu ijirudishe yenyewe kwa kishindo.

"Kuna tatizo, dada?" akauliza Darla Pruitt, dalali wa nyumba, aliyekuwa amesimama kivulini na funguo mkononi.

"Pikapu ya mume wangu, pamoja na keria ya ngazi, ni futi saba na inchi tano."

"Aa, hilo tu! Basi ataiacha hapa mbele ya nyumba. Si unaona nafasi ilivyo? Magari manne yanaenea."

"Darla, umesoma kanuni za huku?"

Darla akatazama misonobari, kisha viatu vyake, kisha simu yake ambayo haikuwa imeita.

"Hakuna anayezisoma, dada yangu. Ni kurasa mia na sitini na mbili."

"Mimi nimezisoma. Jana, saa ya chakula cha mchana, nikiwa na sandwichi mkononi. Gari la kazi, lenye maandishi au ngazi au vifaa, lisionekane kutoka barabarani tangu saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Barua ya kwanza ni onyo. Ya pili ni faini. Ya tatu inatoka kwa mwanasheria."

"Watu hupata namna," Darla akasema kwa sauti ya chini.

Marva alijua fika hizo namna ni zipi, na hakuipenda hata moja.

Miezi mitatu walikuwa wakichagua mtaa ndani ya Larkin Woods, kaskazini ya Houston, kule ambako miti imeachwa makusudi mpaka kituo cha mafuta hukioni hadi ukifikie. Kuna mitaa minane, wenyewe huiita vijiji, na kila kimoja kina jina la ndege au la mti. Heron Bend ni kuzuri, lakini mvua kubwa ikinyesha maji hubisha hodi mlango wa nyuma. Sawmill Glen unasikia malori usiku kucha. Fox Landing unalipia uwanja wa gofu upende usipende. Yote hayo Marva aliyajua kwa kuchunguza mwenyewe, kwa sababu Darla, kila alipoulizwa mtaa upi ni mzuri, aliinua mikono juu na kusema, "Sheria hairuhusu dalali kusema hivyo. Pitieni Jumamosi asubuhi mkatazame wenyewe."

Wakapitia. Jumamosi moja, yeye na Alton waliegesha gari lao dogo karibu na bwawa la kuogelea la Laurel Crest, mtaa wa nyumba hii, wakakaa humo na vikombe vya kahawa wakihesabu nyuso. Walitafuta kile ambacho kila familia nyeusi ya Texas hukitafuta kabla ya kutia sahihi, na walikipata: familia mbili za watu weusi kama wao, tatu ukimhesabu daktari na mkewe. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikimbia mazoezi alisimama, akainama dirishani akitabasamu. "Mmepotea, jamani?" Alton alimjibu kwa upole kwamba hapana, wanatazama tu mtaa. Marva kahawa ilimwia chungu kama shubiri, lakini Laurel Crest ilikuwa ndani ya mipaka ya Shule ya Larkin, na kwa ajili ya shule alimeza.

Kosa lao lilikuwa kosa la kila anayehamia Larkin Woods. Kwanza walichagua miti, kisha shule, kisha jiko, na hakuna aliyejiuliza gari lenye kuwalisha litalala wapi. Sasa mkataba umeshatiwa sahihi, na muda wa kujitoa bila kesi ulikuwa unakwisha Ijumaa, saa kumi na moja kamili jioni. Leo Jumanne.

*

Alton alirudi fletini saa moja kasorobo, shati limegandia mgongoni. Mwezi wa sita pale Houston, fundi wa viyoyozi hushinda juu ya dari za watu, mahali ambapo hata buibui hukimbia. Alioga, akaketi mbele ya bamia na kamba na wali, akala kijiko kizima kabla ya kusema neno.

"Gereji ni futi saba," Marva akamwambia.

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza tulipoiona. Nimepita kwenye milango ya gereji miaka ishirini na mingapi, mke wangu. Naipima kwa macho."

Marva akaweka uma chini. Noelle, binti yao wa miaka kumi na minne, akaacha kutafuna.

"Na ukanyamaza?"

"Si jambo kubwa. Nimeongea na meneja wa supamaketi ile ya njia panda. Amekubali niliache pale nyuma, karibu na mapipa. Kutoka pale mpaka nyumbani ni maili moja na nusu. Daktari mwenyewe anasema nitembee."

"Saa kumi alfajiri utatembea maili moja na nusu kulifuata gari lako? Ndani ya Laurel Crest? Gizani? Wewe?" Hakuhitaji kumaliza. Wote watatu pale mezani walijua mtu kama Alton, mrefu kama mlango, akitembea gizani kati ya miti kwenye mtaa ule, simu ngapi zingepigwa polisi kabla hajafika kwenye kona.

"Basi nitaliacha nyumbani na kuvua keria kila jioni. Ngazi naingiza ndani. Yale maandishi nimeshayapatia dawa."

"Dawa gani?"

Alton akakwangua sahani yake. Marva akainuka, akachukua funguo kwenye msumari, akashuka ngazi mbili mbili mpaka kwenye maegesho. Nyuma ya kiti cha dereva alikuta karatasi mbili kubwa za sumaku, nyeupe tupu, zimekatwa sawasawa na ubavu wa gari. Akajaribisha moja. Ikagandia pale pale juu ya maandishi ya buluu: GUILLORY, BARIDI NA JOTO, TANGU 1981. Jina lote likazama. Ubavu wa gari ukabaki mweupe kama friji mpya dukani.

Baba yake Alton aliyaandika maandishi yale kwa mkono wake mara ya kwanza, kwenye gari lililotangulia hili na lililotangulia lile, alipohama kutoka mji wa Opelousas na mkoba wa vifaa na mke mwenye mimba. Marva alimjua yule mzee. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Jumapili aliliosha gari kabla ya kwenda kanisani, kisha akaenda nalo kanisani, akaliegesha mbele kabisa. Leo mwanawe amekwenda kwa mchapishaji, ametoa pesa yake mwenyewe, akasema nikatie kitu cha kunifunika. Marva alisimama pale akalia, tena kwa hasira, akafuta uso kwa mgongo wa mkono, akapanda juu na ile karatasi kwapani.

"Hii ni nini, Alton?"

"Ni ya usiku tu."

"Umejishonea sanda ya usiku tu!"

"Marva, mtoto anasikia."

"Asikie! Asikie baba yake anavyotaka kuingia nyumba aliyoinunua kwa jasho lake kama mwizi!"

"Baba," Noelle akasema taratibu, "mimi naweza kubaki shule yetu. Kweli."

Alisema kwa sauti kavu ya mtoto anayejifunza kudanganya vizuri. Hakuna aliyemwamini. Noelle alipiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote. Kwenye shule yake ya sasa kulikuwa na tuba mbili, moja imefungwa kwa utepe wa gundi, na mwalimu wa bendi alikuwa ameshaambiwa mwakani hatakuwapo. Shule ya Larkin ilikuwa na bendi ya watoto mia tatu. Mwalimu wao alimsikia Noelle kwenye mashindano mwezi wa tatu, akavuka ukumbi mzima kuja kuuliza, "Huyu mtoto anakaa wapi?" Walimjibu kwamba wanahama. Uandikishaji ulikuwa unafungwa tarehe kumi na tano mwezi wa saba, na bila anwani ndani ya mipaka ya shule hakuna kuandikishwa.

"Unaona?" Alton akasema. "Mimi kutembea kidogo, yeye apate shule. Hesabu yake nyepesi."

"Nyepesi kwako wewe uliyezoea kuinama. Mimi kesho naenda kwenye kamati ya mtaa wao."

"Utawaambia nini?"

"Kwa adabu," Marva akasema, "kila kitu."

*

Kamati ya Laurel Crest ilikutana Jumatano jioni kwenye ukumbi wa bwawa, watu watano nyuma ya meza ndefu, maji ya chupa mbele ya kila mmoja. Mwenyekiti alikuwa Bwana Harlan Stroud, mhandisi mstaafu wa mafuta, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Kila mzungumzaji alipewa dakika tatu, na saa ya kidijitali ilihesabu ukutani.

Aliyemtangulia Marva alikuwa kijana mmoja aliyetaka ruhusa ya kukata msonobari uliokauka, unaolalia dirisha la chumba cha mwanawe. Akaambiwa alete barua ya mtaalamu wa miti. Akasema mti unaonekana kwa macho kwamba umekufa. Akaambiwa macho si barua. Akaondoka akitikisa kichwa, na Marva akaitwa.

"Mimi ni Marva Guillory. Tumeweka mkataba wa nyumba ya mwisho kwenye Nuthatch Court. Naomba kitu kimoja. Mume wangu ana gari la kazi. Safi, jipya, halivuji hata tone. Keria yake inazidi mlango wa gereji kwa inchi tano. Naomba lilale mbele ya nyumba yetu."

"Bi. Guillory, tunakuelewa kabisa," akasema Bwana Stroud. "Lakini tukimruhusu mmoja..."

"Samahani, zimebaki dakika mbili na zaidi, na ni zangu. Leo nimefika mapema. Nimezunguka mtaa wenu kwa gari tangu saa tisa mpaka saa kumi na moja. Nimehesabu magari ya kazi kumi na tisa. Ya mabomba, ya bustani, ya mabwawa, ya mapaa, ya viyoyozi. Yote yana maandishi, yote yana ngazi. Hakuna aliyeyaandikia barua. Sasa nielezeni, maana mimi ni mtu wa kufundishika. Fundi saa tisa mchana mnamfungulia mlango na kumpa maji ya baridi. Ikifika saa mbili usiku anageuka kuwa uchafu wa macho. Hapo katikati anafanya kosa gani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikohoza. Bwana Stroud akafungua chupa yake ya maji polepole.

"Si suala la mtu, mama. Ni suala la thamani ya nyumba. Hata ya kwenu."

Hapo mwanamke wa mwisho mezani, mwenye nywele nyeupe zilizotengenezwa vizuri, akainama mbele uso umemchangamka. "Guillory! Ngoja kidogo. Yule mrefu? Mwenye mtindo wa kuvaa mifuko ya plastiki kwenye viatu asichafue zulia?"

"Ndiye."

"Huyo ndiye fundi wangu!" akawageukia wenzake. "Mwaka juzi, joto lile la kuua mtu, alikuja saa tatu usiku. Mume wangu alikuwa ametoka hospitali siku hiyo hiyo. Mtu mwema sana, jamani, sana. Mwambie Lorene Haskett anamsalimu."

"Nitamwambia," Marva akasema, na moyo ukamfunguka kidogo. Alijilaumu baadaye kwa kufunguka kule.

Bwana Stroud akaitisha kura. Wanaokataa ombi, wainue mikono. Mikono mitano ikapanda. Wa Lorene Haskett ulipanda kama mingine, bangili zikateremka mpaka kwenye kiwiko, na tabasamu bado halijamtoka usoni. Wala hakuona aibu. Kwake yeye, salamu ni salamu na kura ni kura.

"Tunakutakia kila la heri katika nyumba yenu mpya," akasema mwenyekiti.

Marva akachukua mkoba wake. "Nyumba yetu mpya," akasema, "itakuwa pale ambapo mume wangu anaonekana."

Akatoka. Alitembea wima mpaka kwenye gari, akaingia, akafunga mlango, akawasha.

*

Marva alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwonea wivu. Miaka kumi na tisa alikuwa akipanga njia za mabasi ya shule upande wa kaskazini wa jiji. Basi lipi liingie mtaa gani, ligeukie wapi, mtoto yupi asimame kwenye kona ipi. Alhamisi asubuhi, kahawa inapoa mbele yake, alifungua ramani ya nyumba za Larkin Woods aliyopewa na Darla, ile nzuri ya rangi yenye miti midogo iliyochorwa, na kwa mara ya kwanza akaitazama kikazi. Akajishangaa. Miezi mitatu alikuwa ameisoma kama mnunuzi, na mnunuzi huona kile anachochorewa.

Ramani ile ilichorwa na wauza nyumba. Shule hazichorwi na wauza nyumba. Mpaka wa shule hufuata mto, reli, barabara kuu, na wakati mwingine shamba la mtu aliyekufa zamani. Akapiga simu kwa Teofilo Rangel, mpanga mabasi wa wilaya ile, ambaye hawakuwa wameonana zaidi ya mara mbili kwenye semina, lakini watu wa mabasi hujuana kwa sauti.

"Teo, niambie kitu. Basi la Shule ya Larkin, lile linalopita Laurel Crest. Linageukia wapi?"

"La arobaini na moja? Linageukia Tinsley Road. Laurel Crest ni vijia visivyotokea mbele, basi haligeuki. Kwa nini?"

"Tinsley Road iko wapi? Siioni."

"Hutaiona kwenye ramani za wale. Iko nje ya ukuta wao, upande wa mashariki. Nyumba kumi na moja za zamani, za kabla ya Larkin Woods kuwepo. Nachukua watoto wanne pale."

"Wanne wa Larkin? Shule hiyo hiyo?"

"Sasa wa wapi? Wewe leo umeamkaje, Marva?"

"Vizuri, ndugu yangu. Mungu akubariki na hao watoto wako wote."

Saa sita alikuwa Tinsley Road. Lami ilikuwa imepasuka, mtaro wa maji uko wazi, mbwa wawili walimkimbilia kisha wakamsahau. Miti ilikuwa ile ile. Misonobari haikujua ukuta ulipitia wapi. Nyumba ya saba ilikuwa na kibao cha plaiwudi kimeandikwa kwa rangi, INAUZWA, na namba ya simu. Sakafu ya jikoni imebonyea, bafu ni moja na nusu, kuta ni za mbao nyeusi za zamani zile. Mwenye nyumba, mjane wa Kicheki aliyeitwa Bi. Vlasta Hruska, alimzungusha akimwonyesha kila ubovu kwanza, kama anayetaka kumfukuza. Marva akauliza swali moja. Kuna kanuni gani hapa?

"Kanuni?" Bi. Hruska akakunja uso. "Ng'ombe wako asiingie kwangu. Hiyo basi."

Darla alipopigiwa simu alishtuka. "Tinsley Road? Dada, kule hakuna bwawa, hakuna njia za baiskeli, hakuna hata taa za barabarani. Maji taka ni ya tangi. Kule ni... kule..."

"Sema, Darla. Au sheria haikuruhusu?"

*

Aliyekataa alikuwa Alton. Ijumaa saa tisa alasiri alikuja kutoka kazini moja kwa moja, wakasimama jikoni kwa Bi. Hruska, mwenyewe ametoka nje makusudi akawaachia nafasi. Alton alikanyaga sakafu, ikalia. Akafungua kabati, mlango ukabaki mkononi mwake.

"Hapana, Marva. Sikufanya kazi miaka ishirini nikulete hapa. Nilikuahidi jiko. Lile jiko la Laurel Crest, lenye meza ya jiwe na dirisha kubwa. Nilikuona ulivyolishika."

"Nilishika jiwe, Alton. Ni jiwe tu."

"Usinifanye mtoto. Uliweka mkono pale ukafumba macho. Nilisema moyoni, hata nikilala kwenye gari lenyewe, mwanamke huyu atapika hapa."

Marva hakujua kama amkumbatie au amrushie kitu. Kumbe ndiyo maana ya zile karatasi nyeupe. Hakuwa amejificha kwa woga. Alikuwa analipia jiko kwa jina la baba yake, kimya kimya, na alitaka risiti asiione mtu.

"Nisikilize," akasema, sauti imepungua. "Nililitaka. Sikudanganyi, bado nalitaka, nikilifikiria mate yananitoka. Lakini kila asubuhi ningesimama pale kwenye dirisha kubwa nikutazame unabandua karatasi kwenye gari lako haraka haraka kabla jirani hajaamka. Mara ngapi, Alton? Miaka thelathini ya mkopo. Ningelichukia lile jiwe. Ningekuchukia na wewe."

Alton akasimama na mlango wa kabati mkononi. Nje mbwa walikuwa wakibweka.

"Sakafu hii imeoza kwenye boriti," akasema mwishowe. "Boriti mbili. Labda tatu."

"Unajua kutengeneza?"

"Swali gani hilo?" akasema, karibu kukasirika.

Saa kumi na dakika arobaini wakatia sahihi ya kujitoa Laurel Crest kwenye simu ya Marva, kidole chake kwanza, kisha kidole cha Alton kilichojaa gundi ya mabomba, ambacho simu ilikikataa mara tatu mpaka akakifuta kwenye suruali. Saa kumi na dakika hamsini na mbili Darla akajibu kwamba ameipokea. Bi. Hruska akaingia akiuliza kama wamemaliza kugombana, maana anataka kupasha supu yake.

*

Walihamia wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, Noelle akiwa tayari ameandikishwa kwa mkataba wa Tinsley Road na kuunguzwa shingo na jua la mazoezi ya bendi. Boriti zilikuwa nne, si mbili. Marva alipika juu ya jiko la gesi la mezani, akalaani, akapika tena. Gari la kazi lililala ubavuni mwa nyumba, keria na ngazi juu yake, na kupitia mwanya wa miti maandishi ya buluu yalionekana vizuri kutoka kwenye njia ya matembezi ya Laurel Crest, ile inayofuata ukuta, mahali ukuta unapogeuka uzio wa chuma.

Jumamosi ya pili, Alton analiosha gari, sauti ikamwita kutoka upande wa pili wa uzio wa chuma. Marva alikuwa jikoni, dirisha wazi kwa sababu lilikuwa halifungiki. Akazitambua zile nywele nyeupe.

"Bwana Guillory! Kumbe tumekuwa majirani! Mimi Lorene Haskett."

"Shikamoo, Bi. Haskett. Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea, anaendelea, ahsante kuuliza. Nimefurahi sana kuwaona." Akasogea karibu na uzio. "Nina ombi dogo. Si la kamati, maana kamati haina nguvu huko kwenu, najua. Ni la ujirani tu. Watu wanapita hapa kutembea, unaelewa, na hilo gari... Ungeligeuza tu. Maandishi yaangalie nyumba yenu. Ni dakika moja."

Marva akaacha kisu juu ya kitunguu. Alimjua mume wake. Miaka kumi na minane alimsikia akiwaambia wateja sawa, mama, hakuna shida, mama, mpaka maneno hayo yalikuwa kama pumzi yake. Akasubiri kulisikia gari likiwashwa. Alijiambia kwamba hatatoka, hatasema kitu, safari hii si yake.

Alton akafunga maji. Akaminya sifongo, akaiweka juu ya boneti, akafuta mikono yake yote miwili.

"Hapana, Bi. Haskett," akasema.

"Ah, ni ombi tu..."

"Nimelisikia. Hapana. Hilo ni jina la baba yangu. Linalala hivyo hivyo lilivyo."

Bi. Haskett alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Aligeuka kama anayetaka kwenda, hakwenda. Joto lilikuwa limeshafika digrii mia na mbili za Farenhaiti, na bado haijafika hata saa tano.

"Kiyoyozi cha chumba cha juu," akasema hatimaye, akitazama majani ya chini, "kimeanza tena kutoa hewa ya moto. Tangu jana. Unaweza kuja lini?"

Alton akachukua sifongo yake.

"Nikipata nafasi nitapiga simu," akasema, akafungua maji, akaendelea kuosha herufi moja baada ya nyingine, G mpaka Y, bila haraka. Marva alicheka kwa sauti pale jikoni, akacheka mpaka akashika sinki, wala hakujali nani wa upande ule wa ukuta atamsikia.